Kwa Mkono wa Atakayelala Ndani

12 Februari

Kwako mdogo wangu Kibiriti,

Naanza na afya, maana nakujua: hufungua barua zangu ukitafuta ugonjwa kabla ya kutafuta habari. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza. Macho bado yanasoma. Wewe je, kifua kimepoa? Wajukuu hawajambo? Na mkamwana wako bado anatembea na funguo zote kiunoni kama askari magereza?

Najua wanatucheka kwa kuandikiana barua wakati simu zimejaa kila mfuko. Waache wacheke. Kwenye simu wewe unapiga kelele na mimi nasikia nusu, na ile nusu ninayoisikia huwa ni kelele.

Sikiliza sasa. Nataka kujenga.

Katika chumba hiki cha ghorofa ya saba, kwa mwanangu, nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi nyumbani kabla ya kuikimbia nchi. Ni chumba kizuri. Kina kitanda, meza, vitabu hadi karibu na dari, na dirisha moja linalofunguka kiasi cha kiganja tu. Wameweka chuma ili watu wasianguke, au wasijirushe, sikuuliza. Huwa napenyeza mkono pale nikapapasa hewa ya nje. Chini naona mto wa mji huu ukipita katikati ya kuta mbili za zege. Hauna ukingo, hauna tope, hauna chura. Kuta zile nilizichora mimi, mstari kwa mstari, nilipokuwa mchoraji ramani katika ofisi ya mji. Walinisifu sana. Leo tunatazamana, mimi na mto, kama wafungwa ambao milango ya vyumba vyao inaelekeana.

Kiwanja cha baba pale mtoni, penye mkuyu ulioinama, bado ni chetu. Nataka nyumba ndogo pale, ya kurudia. Chumba kimoja, kibaraza kimoja, basi. Na sitaki kitu chochote kifike pale kwa lori. Kila kitu kitoke umbali ambao mtu anaweza kukibeba kichwani bila kutua: mawe kutoka pale kivukoni maji yanapokuwa mafupi, mianzi ya kwenye kona ya juu, udongo wa kichuguu, nyasi za bondeni. Mianzi ikatwe sasa, kiangazi, ilazwe mtoni chini ya mawe mpaka itoe ule utamu wake. Mdudu dumuzi hataki mwanzi usio na sukari.

Nyumba itasimama juu ya miguu. Maji yakija, yapite chini, yaende zao. Nimewahi kuuzuia mto mmoja maishani, inatosha.

Katika bahasha utakuta kamba ya katani yenye fundo kila ncha. Ni urefu wa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Unamkumbuka baba alivyokuwa akifanya? Hakuwa na futi kamba hata siku moja. Alimwambia mwenye nyumba, "Nyoosha mkono," akampima kwa kamba, na kuanzia hapo kila nguzo, kila dirisha, kila kitanda kilihesabiwa kwa mkono ule. Yule mwalimu mfupi alipotaka apimwe kwa mkono wa baba ili nyumba iwe kubwa, baba akamwambia, "Mwalimu, utalala wewe au nitalala mimi?" Nyumba ya baba hupimwa kwa mkono wa atakayelala ndani.

Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Mlango, mikono minne kwenda juu.

Kaka yako,
Mlingoti

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kulalamika, na kama halijaacha, lipake mafuta badala ya kuliandikia barua. Sisi huku hatujambo. Kifua kimepoa. Wajukuu wamekua, kitanda hakijakua. Tunalala wanne, na mimi ndiye wa ukingoni. Nguo zangu bado ziko kwenye beseni chini ya kitanda. Juzi mkamwana ameongeza na mahindi humo humo, nikavaa gauni limejaa fukusi.

Kamba imefika. Mjukuu wa kwanza aliifungia mbuzi kabla sijaisoma barua, lakini nimeiokoa, mafundo yote mawili yapo.

Fundi nimempata. Anaitwa Kesho, na ukimwuliza kazi itaanza lini utajua kwa nini. Nilimwonyesha mchoro wako. Akaugeuza juu chini, akaugeuza tena, akasema, "Mama, hii ni nyumba au ni kiti?" Nikamwambia nyumba. Akasema, "Huyu kaka yako yuko ng'ambo analala kwenye ghorofa, halafu anataka watu wa huku tulale juu ya udongo na nyasi kama kuku? Mwambie alete sementi na mabati." Nikamwambia kaka yangu ndiye atakayelala humo, si yeye. Akaukunja mchoro, lakini uso uliendelea kubisha.

Mianzi imekatwa na imelazwa mtoni. Mimi mwenyewe nimepanga mawe juu yake. Maji yalikuwa ya baridi hadi magotini, na kwa muda wote ule hakuna mtu aliyeniita. Nimegundua hilo niliporudi nyumbani, mlangoni tu nikasikia, "Mama! Mama! Chumvi iko wapi?"

Mkuyu ulioinama ulikwenda na maji zamani, kaka. Mto umesogea kidogo upande wetu. Lakini mahali pa kujengea papo, juu kidogo ya pale unapopakumbuka.

Unakuja lini? Nikijua nitamwambia Kesho, labda ageuke Leo.

Mdogo wako,
Kibiriti

25 Machi

Mpenzi mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikacheka hadi mwanangu akaja kuniangalia kama nimepatwa na jambo. Kweli goti nimelipaka mafuta. Afya iko pale pale. Daktari ananiuliza maswali mengi, nami namjibu machache. Lifti imeharibika tena. Watu wa vyumba vya chini wanasema itatengenezwa. Wanasema hivyo kwa sababu wao hawaihitaji. Tangu iharibike sijashuka. Mkate naletewa, magazeti naletewa, hata habari za mvua naletewa, ingawa dirisha ninalo.

Umeniumiza kwa habari ya mkuyu. Nimekuwa nikiuchora pembeni mwa nyumba kila siku, na kivuli chake nimekihesabu katika upana wa kibaraza. Basi paa lijitokeze zaidi upande wa machweo, lifanye kazi ya mti.

Sasa nguzo. Ncha zitakazoingia ardhini zichomwe kwanza kwenye moto mpaka ziwe nyeusi kama masizi, si kuungua, kubabuka tu. Mchwa hapendi mkaa. Kila shimo liwekewe mawe ya mtoni chini na pembeni, makubwa kwanza kisha madogo, yashindiliwe. Usimruhusu Kesho atie udongo mtupu. Sakafu iwe mikono mitatu kutoka ardhini. Kuta ni fito na matete, zikandikwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, uachwe ulale siku kadhaa chini ya magunia ukiwa na maji, kisha ukanyagwe kwa miguu. Ukipasuka ukikauka, mchanga haujatosha. Dirisha moja litazame mto, lifunguke lote, ukuta mzima wa matete uinuke juu na kuegeshwa kwa mti. Lote, Kibiriti. Sitaki dirisha la kiganja.

Fundi Kesho mwambie hivi: udongo si umaskini. Sisi tunaolala kwenye zege tunajua linavyohifadhi joto wakati wa joto na baridi wakati wa baridi.

Kaka yako,
Mlingoti

6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole kwa lifti. Sisi wazima.

Mwanao alinipigia simu, tukasalimiana vizuri. Ana sauti kama ya baba.

Nguzo zimesimama. Tulichoma ncha, tukajaza mawe kama ulivyosema, na Kesho alipotaka kutupia udongo nilikaa kwenye ukingo wa shimo nikining'iniza miguu ndani mpaka akaleta mawe. Akasema, "Mama, wewe una kichwa kigumu." Nikamwambia, "Ndiyo maana wanakitumia kubebea maji."

Udongo ninaukanyaga mwenyewe. Nilipoanza, mwanangu alikuja akasimama juu pale njiani na viatu vyake vya kazini. "Mama, watu wanakuona. Watasema tumeshindwa kukupa hata chakula." Nikamwuliza, "Ukiniona jikoni nimechuchumaa tangu asubuhi, watu huwa hawanioni?" Akasema huko ni nyumbani. Basi akaondoka. Udongo ukikanyagwa vizuri, kaka, hutoa sauti kama mtu anayebusu. Sikuwahi kuambiwa.

Kuta tumeanza. Vipimo nimevisimamia mimi, Kesho hagusi.

Nakuuliza tena, na safari hii usinipige chenga. Unakuja lini? Nijibu hilo tu. Habari ya nguzo imekwisha, nguzo ziko ardhini.

Mdogo wako,
Kibiriti

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Nililazwa kidogo, si kitu, walitaka kunitazama. Kitanda cha hospitali kilikuwa kifupi, miguu ilitokeza nje, wauguzi wakanipa kiti cha kuiwekea. Nimerudi chumbani. Walinipandisha ngazi wakiwa wanne na kiti, kama kabati.

Kuhusu sakafu. Fikiria juu yake kwa makini, maana ndiyo itakayogusa miguu kila siku. Mianzi ipasuliwe katikati, ifunguliwe kama mkeka, ipigwe ibaki bapa, kisha ifungwe kwa kamba za magome kwenye boriti. Misumari hapana. Mwanzi ukipigwa msumari hulia na kupasuka. Ukifungwa hunesa na kurudi. Mtu akitembea ndani nyumba ijue kuwa anatembea. Na nyasi za paa zianze kuezekwa kutoka chini kwenda juu, mafungu manene, mteremko uwe mkali ili maji yasipate nafasi ya kufikiri.

Nyumba ikiisha nitumie picha. Simama wewe mlangoni, ili nipate kulinganisha.

Kaka yako,
Mlingoti

19 Julai

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa kulazwa. Huku ni wazima wote, mkamwana ni mjamzito tena, kitanda kimesikia habari hiyo kimepasuka ubao.

Nyumba imekwisha. Paa lilipoezekwa Kesho alishuka ngazi, akaenda mbali, akaitazama, akarudi. Akasema, "Mama, mwambie kaka yako nyumba yake haipigi kelele." Sijui alitaka kusema nini lakini alisema kwa heshima. Watu wanaopita wanaiita Korongo, kwa ajili ya miguu. Nilipoinua lile dirisha kubwa kwa mara ya kwanza mto uliingia wote ndani, si maji, mng'ao wake, ukacheza kwenye ukuta.

Picha hii hapa. Kesho ndiye aliyepiga, nikaenda kuisafisha studio. Nimevaa kitambaa kipya. Nimesimama mlangoni kama ulivyosema.

Sikuulizi chochote safari hii.

Mdogo wako,
Kibiriti

30 Julai

Nimeiweka picha juu ya meza, na rula pembeni yake.

Boriti ya juu ya mlango imekipita kitambaa chako kwa upana wa kiganja. Wewe ni mfupi, Kibiriti. Tulikuita hivyo kwa sababu ya udogo wako kabla ya kukuita hivyo kwa sababu ya moto wako. Mikono minne yangu ingekuacha mlangoni kama mtoto aliyefuata wakubwa. Mimi nikiingia kwa mlango huu nitavunja paji la uso. Nikilala, miguu itapiga ukuta. Dirisha litanifika kifuani.

Nyumba ile haikupimwa kwa kamba yangu.

Nilikukabidhi kitu kimoja.

Mlingoti

14 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho haikunisalimu, lakini mimi nakusalimu, maana tulilelewa na mama mmoja na mmoja wetu lazima akumbuke. Mzima wewe? Moyo unaendaje? Ndiyo, nauliza moyo, si goti. Goti tuliache.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikawa na kazi, kisha mvua ikaja. Sasa nakujibu.

Umepima sawasawa. Nyumba niliipima kwa mkono wangu. Mwanao aliponipigia, kabla ya nguzo ya kwanza, hakutaka salamu tu. Aliniambia daktari amekwisha kukukataza kusafiri, kwamba moyo wako hauwezi ndege, hauwezi hata ngazi, na kwamba ulilijua hilo tangu mwaka mpya. Alinisihi nikushawishi uache habari ya nyumba. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Nikangoja uniambie wewe. Barua baada ya barua nilikuuliza, unakuja lini, ukanijibu habari ya ncha za nguzo na misumari. Nikaelewa kwamba ukiacha kuchora utabaki na dirisha lile la kiganja peke yake. Basi nikakuacha uchore. Lakini nilipofika kwenye kuta, na kamba yako mkononi, nikamsikia baba. Utalala wewe au nitalala mimi? Nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, nikajipima.

Usidhani nimefanya hivyo kwa kukuhurumia. Niliitaka, kaka. Niliitaka tangu siku ile ya kulaza mianzi. Tangu kuolewa hadi kufiwa na hadi kulea watoto wa watu, sijawahi kulala katika chumba ambacho mtu mwingine hakuwa na haki ya kuingia akachukua sufuria. Katika nyumba hii mkono wangu unakifikia kila kitu. Dirisha naliinua bila kupanda kiti. Boriti naigusa kwa kunyoosha vidole. Sikujua nyumba inaweza kuwa na kimo cha mtu.

Kitu kimoja nilikipima kwa kamba yako: miguu ya nyumba. Mto haujui kwamba mimi ni mfupi. Ndiyo maana imekaa vile kama korongo, miguu yako, kiwiliwili changu.

Na mto umekuja. Niliamka asubuhi nikasikia kimya cha ajabu chini yangu, nikachungulia kati ya mianzi ya sakafu, nikaona maji yanapita polepole, ya kahawia, na jani limekaa juu yake limetulia kama abiria. Ngazi ilikuwa imezama nusu. Siku nzima nyumba ilinesa na kurudi, ilinesa na kurudi, kama ulivyosema. Haikuvuja. Haikulia. Mwanangu na mkewe walikuja kusimama pale juu njiani. Mwanangu alikuwa ameshika kichwa. "Mama! Upo?" Nikapunga mkono. "Tutakutoaje?" Nikapunga tena. Basi walipoona nipo hai, mkamwana naye akaweka mikono mdomoni, "Mamaaa! Sufuria kubwa umeiweka wapi?"

Nikaonyesha masikio yangu, kwamba maji yana kelele, sisikii.

Hayakuwa na kelele yoyote. Nilikuwa nimezingirwa pande zote na nikakaa chini nikala mkate wangu mkavu nikiwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo ninalokuomba. Wao wanajua naishi hapa kwa sababu ninalinda nyumba ya kaka mpaka arudi. Jina lako ndilo linaloufunga mlango huu. Siku watakapojua kwamba huji, mwanangu ataweka wapangaji, au ghala, nami nitarudi ukingoni mwa kitanda. Mwanao nimemwomba anyamaze, amekubali. Nakuomba na wewe. Usiwaandikie kwamba huji.

Mdogo wako,
Kibiriti

9 Desemba

Mdogo wangu Kibiriti,

Salamu ambazo sikukupa mara iliyopita nakupa sasa pamoja na za leo, uzigawe utakavyo. Moyo unakwenda kama lifti yetu. Kuna siku unafika, kuna siku unasimama kati ya ghorofa ukifikiria. Nashukuru kwa kuuliza moyo kwa jina lake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mno. Sina la kubishana. Baba angeipima hivyo hivyo, halafu angenicheka.

Nimeutazama mto wa huku asubuhi yote. Ulipanda kidogo kwa mvua, ukafika kwenye alama niliyochora mimi miaka ile, ukasimama pale pale, umetii. Hakuna jani juu yake.

Kuhusu ombi lako. Nimeambatanisha karatasi ya pili. Hiyo uisome mbele ya watu, kwa sauti, mkamwana akiwepo. Imeandikwa kwamba nakuja, kwamba nyumba nimeiona na nimeridhika nayo, na kwamba ole wake atakayeweka hata gunia moja la mahindi ndani yake kabla sijafika. Nimetia saini kubwa. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo kati ya wote waliobaki, nitumieni basi.

Lakini watauliza, anachelewa nini? Waambie anangoja benchi. Kibarazani, upande wa mto, weka benchi moja la mbao ya mvule kama ipo, au ya mwembe, ipigwe randa upande wa juu tu. Liegemee ukuta. Hilo, tafadhali, lipime kwa kamba yangu: kwenda juu mkono mmoja kamili, kina mkono mmoja, urefu mikono mitatu. Ni kiti cha mtu anayetarajiwa. Mtu akipanda ngazi akaliona atajua mwenye nyumba ni mrefu na hayuko mbali.

Sitachora kingine. Karatasi ninazo, ila nataka sasa kuandikiwa tu.

Kaka yako,
Mlingoti

2 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa na si umelazwa, na lifti imepona, na kama haijapona basi walau kuna mtu anapanda kukusalimia. Sisi wazima. Mkamwana amejifungua salama, mtoto wa kike, mrefu ajabu. Wameshaanza kumwita Mlingoti mdogo.

Karatasi ya pili niliisoma sebuleni. Nilisimama. Nilipofika kwenye "ole wake" mwanangu akatazama chini, na mkamwana akatazama funguo zake. Kesho alikuwepo pia, alikuja kudai sifa, akasema, "Nilijua mzee atairidhia." Hakuna aliyetaja wapangaji tena. Kila wiki mmoja wao ananiuliza, "Mjomba anakuja lini?" nami nawajibu, "Karibuni," na narudi zangu mtoni.

Benchi limekwisha. Mvule haukupatikana, ni mwembe, na Kesho amepiga randa juu tu kama ulivyotaka. Nililipima mwenyewe kwa kamba yako. Baada ya hapo nikaifunga kamba kwenye boriti ya kibaraza, inaning'inia pale na mafundo yake, upepo ukija inajipima na hewa.

Sasa hivi nimekalia benchi lako nikiandika barua hii juu ya goti. Mto umeshuka, mawe ya kivukoni yameanza kuonekana. Ni kweli ulivyosema, wewe ni mrefu. Mgongo ukigusa ukuta, miguu yangu haifiki chini. Inaning'inia kama ya mtoto aliyeambiwa akae hapa atulie, kaka yake anakuja.

Kesho amenitazama akacheka, akauliza kama alikate lishuke.

Nimemwambia aliache hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Kibiriti